Darasa la Kwanza kwa Mara ya Pili

Simu ya Msusi ilizama kwenye beseni Jumamosi asubuhi, saluni yake ikiwa imejaa wateja mpaka kwenye ngazi za nje. Alikuwa ameinama kuchovya ncha za rasta za mteja kwenye maji ya moto, simu ikiwa kwenye mfuko wa kifuani wa aproni. Ikateleza taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani kwa kunyata asimwamshe mwenzake, ikasema chubwi, ikakaa chini ya beseni kioo kikiwa bado kinawaka.

Msusi alitumbukiza mkono bila kufikiri, akaunguza vidole, akaitoa. Akaipuliza. Akaitikisa. Mteja mmoja aliyekuwa ametokea sokoni akafungua mfuko wake wa mchele ili simu izikwe humo inyonywe maji. Mwingine, mwenye huruma kuliko akili, akashauri waipigie waone kama inaita.

Haikuita.

"Pole, shoga yangu," wakamwambia. "Si simu tu? Utanunua nyingine."

"Simu zimejaa madukani," Msusi alijibu, akijitupa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Mwanangu ndiye yumo mle."

Waliomfahamu walielewa mara moja. Msusi alikuwa na mtoto mmoja, binti aliyekuwa anamaliza kidato cha nne. Mtaani walimwita Mlingoti, kwa sababu akiwa darasa la tano tu alishampita mama yake kimo, na katika kila shule aliyosoma yeye ndiye aliyetumwa kutoa mipira iliyonasa juu ya paa. Tangu siku ya kwanza alipovaa sare, mama yake alikuwa akimpiga picha: siku ya kufungua shule, siku ya kufunga, siku ya ripoti nzuri, na siku ya ripoti ambayo ingefaa ifichwe. Alimpiga akila, akisinzia, akinuna, akitafuta kiatu cha pili. Msusi hakuwa mpiga picha hodari; kidole gumba chake kilionekana kwenye picha hizo mara nyingi kuliko ndugu wengi wa ukoo. Lakini zote alizitunza, akizihamisha kutoka simu ya zamani hadi mpya kwa uangalifu wa mtu aliyebeba trei ya mayai.

Fundi simu aliifungua, akachungulia ndani kwa kilenzi chake cha jicho moja, akashusha pumzi.

"Mama, hizo picha ulizihifadhi na mahali pengine?"

"Mahali pengine wapi? Simu ndiyo mahali penyewe."

"Mtandaoni, labda."

"Nimweke mwanangu mtandaoni, namuuza?"

"Na memori kadi je?"

 Memori kadi ilikuwapo. Mwaka uliopita alimpa mumewe ili asikilize nyimbo safarini, na mumewe alipoona imejaa, akafuta vilivyokuwemo ili nyimbo zipate nafasi. Alifuta kwa moyo mweupe kabisa, akijua kwamba picha zote ziko salama kwenye simu ya mkewe.

Mumewe alikuwa dereva wa lori refu la mizigo, na kila mtu alimwita Dereva, hata mama yake mzazi. Katika mwezi alikuwa nyumbani siku chache, na katika hizo chache, nyingine alizimaliza kwa kulala. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, imara kama tofali, isiyojua kazi nyingine zaidi ya kuita na kuitika. Kwa hiyo kila aliporudi, akishaoga na kubadili shati, aliketi kizingitini, akanyoosha mkono apewe simu ya mkewe, akauliza, "Haya, nimekosa nini?" Kisha angekaa hapo akitelezesha kidole taratibu, akianzia picha mpya, akirudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka darasa la kwanza. Hakuzichoka.

Sasa Msusi alitakiwa kumwambia kwamba hakuna tena pa kutelezesha kidole. Aliazima simu ya wifi yake, akatoka nje ya saluni, akapiga moyo konde, akampigia.

"Zote?" Dereva aliuliza.

"Zote."

"Hata ile ya pengo?"

"Hata ile ya pengo."

 Msusi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Hoja ya memori kadi alikuwa ameikunja mkononi, ameishika tayari kuirusha.

"Na wewe hukuungua?" Dereva akauliza.

"Vidole tu."

"Basi vidole vitapona," akasema, akakata simu, akamwacha mkewe na maneno mengi mdomoni yasiyo na kazi.

Siku mbili baadaye Fundi simu akamtuma mtoto na ujumbe: njoo haraka, kuna zilizookoka. Msusi aliacha mteja ana kichwa kilichosukwa upande mmoja, akavuka barabara mbio. Kweli, kwenye kompyuta ya Fundi zilijipanga picha thelathini na ushee, safi, zenye rangi zake zote. Zote zilikuwa visogo.

"Huyu ndiye binti?" Fundi aliuliza kwa matumaini, akionesha kisogo chenye mistari myembamba.

"Huyo ni mwenye nyumba wangu," Msusi alisema. "Hiyo ni mitindo ya saluni, mwanangu. Napiga ili niwaoneshe wateja."

Akamshukuru hata hivyo, akarudi kwa yule wa kichwa nusu.

Pigo la pili lililetwa na Mlingoti mwenyewe kutoka shuleni. Mwalimu wa darasa lao aliamua kwamba siku ya mahafali ukuta mzima wa ukumbi utafunikwa kwa picha za wahitimu, kila mmoja kuanzia darasa la kwanza hadi sasa, ili wazazi waone watoto walivyokua. Kila mtu alete zake, zisizozidi sita.

Waliuliza kwa ndugu. Wa kwanza kuulizwa alikuwa dada yake Dereva, ambaye Mlingoti alimwita Shangazi na Msusi akamwita wifi. Shangazi alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi, mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia, na simu yake ilikuwa imesheheni mapazia.

"Wifi, ulizonitumia nilikuwa nafuta kila Ijumaa," alikiri bila haya. "Ile ni simu ya kazi. Ningeacha picha za mtoto mle, bibi harusi angechagua rangi za viti wapi?"

Jirani wa upande wa pili alipata moja, ya sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Watoto wote walionekana vizuri wakitabasamu, na pembeni kabisa alisimama mtu mwenye gauni la kijani aliyekatwa na picha shingoni.

"Huyu ni mimi," alisema Mlingoti. "Nayajua magoti yangu."

Jioni ile walikaa mezani watatu, mama, binti na Shangazi, Msusi ameshika tama, kile kipande cha picha ya magoti kikiwa mbele yao. Mlingoti, ambaye hakuweza kukaa na huzuni zaidi ya dakika chache bila kuichokoza, akasema, "Basi si tuzipige upya? Nitalia getini, nitang'oka meno, mambo yaishe."

Alikuwa anatania. Lakini Shangazi alikuwa mtu ambaye ukimtania tu, yeye tayari anapima upana wa jukwaa.

"Tuzipige upya!" akapiga meza kofi. "Simu yangu ina kamera ya nguvu. Nina taa. Nina mapazia!"

"Shangazi, nina miaka kumi na saba."

"Utapinda magoti."

Dereva aliomba ruhusa kazini, akarudi mwisho wa wiki. Akaoga, akabadili shati, akaketi kizingitini. Mkono ukanyooka wenyewe kwa mazoea, ukabaki hewani, ukarudi pajani. Msusi aliyeona hivyo akageukia jiko, akaanza kufuta mahali palipokuwa pasafi.

"Mmeshaanza?" Dereva aliuliza.

"Tungeanzaje?" Shangazi alisema. "Hakuna anayekumbuka zilivyokuwa. Wifi anasema hivi, mtoto anasema vile."

"Mimi nazijua," Dereva alisema.

Wakamgeukia.

"Nazijua zote. Ninyi mlikuwepo, hamkuwa na haja ya kuziangalia. Mimi nimezisoma kama barabara." Akafumba macho. "Ya saluni, darasa la tatu. Amelala ndani ya draya, daftari la hesabu liko mapajani, kalamu ya bluu. Soksi ya kushoto imeshuka."

"Hakuvaa soksi siku ile," Msusi alisema. "Mvua ilinyesha, nilimvua mimi mwenyewe."

"Kwenye picha kuna soksi."

"Baba Mlingoti, mimi ndiye niliyepiga hiyo picha!"

"Na mimi ndiye niliyeitazama."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda kuanzia hapo. Dereva alijua picha, Msusi alijua siku, na mara nyingi viwili hivyo havikuelewana. Soksi ilivaliwa, kwa shingo upande. Draya yenyewe, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, ilikuwa ndiyo ile ile ya zamani, ila kichwa cha Mlingoti sasa kiliifikia kabla makalio hayajafika kwenye kiti. Ilibidi aketi sakafuni, miguu imevuka saluni mpaka mlangoni, wateja wakiiruka kuingia na kutoka. Shangazi alipanda juu ya kigoda akipaza sauti, "Lala! Lala kama mtoto! Mtoto hakunji uso namna hiyo!" Mlingoti alifumba macho kwa utani, akiwa anatetemeka kwa kicheko, kisha joto la draya likamzidi nguvu akalala kweli. Wakamwacha alale. Msusi alisuka vichwa viwili kamili akimzunguka, akisema "taratibu, taratibu" kwa kila aliyepita, kama alivyokuwa akisema zamani.

Picha ya pengo waliipigia nyumbani. Mlingoti alikuwa darasa la pili alipopata zawadi ya kusoma vizuri, na siku hiyo hiyo jino la mbele lilikuwa limeng'oka asubuhi, kwa hiyo alipigwa picha ameshika kitabu cha zawadi akicheka na tundu jeusi katikati ya mdomo. Shangazi alimpaka jino moja kwa wanja, akarudi nyuma kuangalia kazi yake, akaongeza kidogo.

"Nani alimng'oa?" akauliza huku akitafuta mwanga.

"Mimi," Msusi alisema.

"Mimi," Dereva alisema pia.

"Wewe ulikuwa wapi mume wangu? Ulikuwa njiani, siku mbili kutoka hapa!"

"Kwani ulipata wapi ujanja? Ulinipigia simu unatetemeka. Nikakwambia funga uzi kwenye jino, mwambie mtoto utahesabu mpaka tatu, halafu vuta kwenye mbili."

 Ilikuwa kweli. Msusi alikuwa ameweka simu mezani, sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na Dereva alihesabu kutoka huko aliko, moja, mbili, na yeye akavuta.

"Nakumbuka sauti," Mlingoti alisema kwa shida, kwa sababu hakutaka kufuta wanja kwa ulimi. "Baba, nilikuchukia siku tatu. Ulisema tatu."

"Nilisema tatu ili ufumbe macho kwenye mbili."

Shangazi akaamua kwamba kwa haki Dereva awemo. Akamweka nyuma kabisa, nje ya dirisha, ameshika ile simu yake ya tofali sikioni, mdomo umefunguka kwenye "mbili". Picha ilipotoka walivunjika mbavu wote. Dereva akaomba aione tena. Akaiangalia muda mrefu, akiwa yeye mwenyewe ndani yake, akairudisha.

Ilibaki ile kubwa kuliko zote, ya siku ya kwanza. Hiyo kila mtu aliyewahi kukalia kiti cha Msusi aliifahamu hadithi yake. Mlingoti, begi kubwa kuliko mgongo, alifika kwenye geti la shule ya msingi akakumbatia nguzo, akalia mpaka mtaa mzima ukasikia, na mama yake akambembeleza kwa saa nzima kabla hajakubali kuingia. Msusi alikuwa akiisimulia vizuri, na kila mwaka kilio kilipanda sauti kidogo. Mlingoti mwenyewe aliukumbuka ubaridi wa nguzo ile shavuni. Au alikumbuka kusimuliwa. Hakuwa na uhakika tena.

Walikwenda Jumapili, shule ikiwa tupu. Mlinzi alikuwa yule yule, kazeeka kidogo, filimbi shingoni, redio ndogo kwenye kiti. Shangazi alimweleza kwa mikono yote miwili: simu, beseni, mahafali, nguzo. Mlinzi alimtazama Mlingoti kutoka viatuni kwenda juu, safari iliyochukua muda.

"Huyu si yule wa mipira ya paani?"

"Ndiye, mzee," Mlingoti alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na mnataka alie hapa?"

"Kama alivyolia siku ya kwanza," alisema Msusi.

Mlinzi akapunguza sauti ya redio. "Huyu? Huyu hakulia."

"Alilia, mzee. Aliikumbatia nguzo hii hapa."

"Aliyeikumbatia ni wewe, mama."

Shangazi, aliyekuwa anapangusa kioo cha kamera, akaacha.

"Mtoto alishaingia ndani," Mlinzi aliendelea bila ubaya wowote, kama mtu anayeelekeza njia. "Wewe ukabaki umeng'ang'ania hapa unalia. Mtoto akarudi, begi hilo linamvuta nyuma, akakwambia, 'Mama, nenda bwana, nitarudi mchana.' Nikakwambia mpige picha utulie. Ukampiga."

"Mzee, umechanganya na mwingine. Ni miaka mingi."

"Mama, mimi majina nasahau. Hata nilipoweka miwani nasahau. Lakini mzazi anayeng'ang'ania geti simsahau, kwa sababu kazi ya kumbandua ni yangu."

Mlingoti alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, kisha Shangazi, ambaye ilimbidi ashike ukuta. Msusi aliapa. Akaapa tena. Akamgeukia mumewe apate shahidi, maana yeye ndiye aliyeijua picha.

"Baba Mlingoti, waambie. Kwenye picha si analia?"

Dereva akafumba macho, akaitafuta. "Uso ameukunja," alisema polepole. "Machozi... sijawahi kuona machozi. Nilikuwa naambiwa yapo."

 Msusi akaitazama nguzo, rangi imebabuka, na kitu fulani kikamshuka usoni, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani miaka yote halafu akaambiwa aitue.

"Haya," akasema. "Nililia. Sasa?"

"Mbona hukuniambia?" Dereva aliuliza. Hakuwa anacheka.

"Ningekuambia nini? Ulikuwa mlimani na shehena ya saruji, barabara imelowa. Nikwambie niko peke yangu getini nalia kama mtoto, wewe uendeshe vipi? Nikasema analia yeye. Mtoto akilia baba hacheki wala hashtuki. Ni kawaida yao."

 Redio ya Mlinzi ilitangaza matokeo ya mpira, hakuna aliyesikiliza.

"Basi nashika nguzo mimi," Msusi alisema hatimaye, akifunga kanga yake vizuri. "Kama ni ukweli, uwe ukweli. Wifi, usinipige upande huu, nywele sijazitengeneza."

Akaikumbatia nguzo. Mlingoti akavaa begi dogo la mtoto wa jirani, lililomkaa katikati ya mabega kama kibandiko, akapinda magoti, akamwekea mama yake mkono begani. Shangazi akainua simu. "Tayari? Moja..."

"Ngoja," alisema Dereva.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, nje ya picha, mahali anaposimama mtu anayetazama wengine. Akavuka, akaja akasimama upande wa pili wa nguzo, akalivua lile begi mgongoni kwa bintiye, akalishika yeye.

"Baba," Mlingoti alisema taratibu, "siku ile hukuwepo."

"Najua," Dereva alisema. "Nilikuwa natelemka kwa gia ya pili, naangalia saa. Nikajisemea, sasa wanafika getini. Sasa kengele inalia. Nilikuwa najaribu kuwaona. Leo nimefika, nipisheni nisimame."

Wakampisha. Na hapo Msusi alilia kweli, bila kuigiza, na Mlingoti akamfuata, na Shangazi, aliyekuwa amepiga kelele siku zote hizo kwamba watu watulie, mkono ukamtetemeka mpaka picha ya kwanza ikatoka kama imepigwa kwenye tetemeko. Mlinzi ilibidi aichukue simu. Alisimama wima, akapuliza filimbi, wote wakashtuka wakamtazama, akabonyeza.

Asubuhi ya mahafali walizipeleka sita, zimesafishwa kwenye karatasi nzuri. Mwalimu wa darasa, mwanamke mwembamba mwenye orodha mkononi na gundi ya karatasi kwenye kola, alizipokea akitabasamu. Tabasamu likapungua kila alipofunua nyingine.

"Lakini huyu ni Mlingoti wa sasa."

"Ni yeye, mwalimu," alisema Msusi, akamsimulia habari ya beseni.

"Poleni sana. Ila ukuta huu ni wa kuonesha walivyokua. Humu hakui. Ni mrefu mwanzo mpaka mwisho!"

"Kwenye hii amepinda magoti," Shangazi alitetea.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye ukuta wa kujaza na wageni njiani. Akazibandika mwishoni kabisa, nyuma ya mlango, karibu na ndoo za usafi, ambako aliamini hakuna atakayefika.

Wazazi walianzia mwanzo wa ukuta, wakapita taratibu wakisema "jamani, jamani" kwa kila mtoto mwenye mashavu. Kisha mmoja akafika nyuma ya mlango, na kikasikika kicheko kilichowageuza watu shingo. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mumewe. Haukupita muda mrefu, ndoo za usafi zikahamishwa ili watu wapate pa kusimama. Walitaka kujua huyu mwanamume wa dirishani anapiga simu kwa nani, na kwa nini msichana mzima ana pengo la wanja, na Mlingoti, katikati ya kundi, kichwa kikiwa juu ya vichwa vyote, akawa anasimulia. Kila akisema neno, mama yake anamsahihisha. Kila mama akisahihisha, baba anasema kwenye picha haikuwa hivyo.

Mwalimu alikuja kuona ni fujo gani. Watu wakampisha. Alizitazama zote, kisha akabaki kwenye ile ya getini.

"Huyu aliyeshika nguzo ni nani?"

"Mimi, mwalimu," alisema Msusi, akijiandaa kukaripiwa.

Mwalimu alizungusha kalamu vidoleni. "Wangu anaanza darasa la kwanza mwakani," alisema kwa sauti ya chini, "na mimi nimeshaanza kulia tangu sasa. Jikoni. Nafungulia maji asisikie. Nilikuwa najiona mjinga, mwalimu mzima."

"Tafuta nguzo nzuri mapema," Msusi alimwambia. "Na mume aje."

Mwalimu alicheka, akafuta jicho kwa kona ya orodha. Kisha akaibandua ile moja kwa kucha, kwa uangalifu, akaenda nayo katikati ya ukuta, akamsogeza mtoto wa mkuu wa shule kidogo kulia, akaibandika hapo.

Walirudi nyumbani mchana, Mlingoti na joho lake lililomfika magotini. Shangazi alikuwa hashikiki. Wazazi watatu walikuwa wameshamwomba namba. Dereva alivua viatu, akaketi kizingitini. Msusi alikuwa na simu mpya, na kwa ushauri wa Fundi picha zote sita zilikuwa zimehifadhiwa mahali patatu tofauti, pamojawapo Msusi hakupaelewa lakini alipaamini.

Mlingoti aliichukua simu hiyo mezani, akamwelekezea mama yake.

"Mama, sasa wewe. Peke yako."

"Mimi wa nini? Mhitimu ni wewe."

"Tumetafuta picha zako za miaka yote hiyo, hakuna. Kuna kidole gumba tu."

"Na kidole chenyewe kilizama," Dereva aliongeza.

Msusi aliangalia huku na huku, akashika kichwa chake. Mwanamke aliyesuka nusu ya mtaa, nywele zake mwenyewe zilikuwa zimefungwa kitambaa tangu Alhamisi. "Siwezi kupigwa hivi. Nipeni dakika kumi, nijiweke sawa."

Akaingia chumbani na kitana. Dakika kumi zikapita, zikaita nyingine. Shangazi akavua viatu, akala kilichobaki. Dereva akasinzia akiegemea mlango. Mlingoti alisubiri uani, simu mkononi, mpaka pazia lilipofunguka na mama yake akatokea, upande mmoja umesukwa vizuri na upande wa pili umesimama wima kama umeshtuliwa, kitana kimechomekwa katikati.

"Nimekuja kuchukua mafuta tu, usipige. Bado! Nimesema ba—"

Mlingoti akapiga.

"Hebu nione," Dereva alisema, amefumbua jicho moja, akinyoosha mkono.